Lehemu Iliyoachwa Ubavuni mwa Skopu

Ipo siku moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na marehemu mume wangu anisamehe. Ni siku niliyosimama mbele ya mashine inayowaka, namwomba Mungu mstari wa kijani usitetemeke. Ukatetemeka. Nitakufikisha huko. Lakini kwanza nikuambie ilikuwaje mtu wa darasa la tatu kama mimi nikajikuta mbele ya mashine ya namna ile, maana usipojua nilikotoka hutajua kwa nini nilikosea.

Mimi ni mtu wa Mugango. Kwetu ni samaki na mihogo. Baba yangu alikuwa na mtumbwi, na sisi wasichana tulikuwaga tunashona nyavu. Usidhani ni kazi ndogo. Jicho la wavu likizidi kidogo, sato anapita anakwenda kwao. Likipungua, unavua watoto wa samaki na mwaka unaofuata unalia njaa. Vidole vyangu vilijua kufunga fundo kabla mimi mwenyewe sijajua kuandika jina langu. Na kulikuwa na desturi moja, ndiyo hiyo iliyoniponza: ukiitwa kwa mtu ukamshonea wavu wake, uzi unaobaki ni wako. Huombi, huulizi. Unauviringisha kwenye kijiti unaondoka nao. Ukiuacha, mwenye wavu anaona kama umekidharau chakula alichokupa.

Nilipoolewa nikaja Musoma mjini. Misheni moja ilikuwa na karakana ya redio, nikapata kazi ya kufagia. Fundi mkuu alikuwaga Mzee Bwire, Mjita mwenzangu, mfupi, mkavu, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja. Watu walimsifu kwamba si mkali. Mimi nasema heri angekuwa mkali. Mtu mkali anakugombeza yanaisha. Yule alikuwa anakuangalia tu, kimya, mpaka unaanza kujigombeza mwenyewe.

Pale palikuwa na mashine moja nzito, kuinyanyua ni watu wawili. Jina lake osiloskopu, sisi tuliita Skopu. Fikiria televisheni ndogo yenye kioo cha duara, ukubwa wa kisahani cha chai. Ukiunganisha waya wake kwenye redio mbovu, umeme unaopita ndani ya ile redio unajichora kiooni kwa mstari wa kijani, na fundi anaona mahali unapougua. Nyuma ina feni inavuma, inatoa hewa ya moto. Wakati wa mvua paka wa karakana hakubanduka hapo.

Sasa Skopu peke yake haikuweza kitu. Upande wa chini ilikuwa na nafasi kama ya droo, na hapo unachomeka kisanduku. Kazi ya kisanduku ni kukuza. Kinachukua umeme mdogo, mnyonge, kama sauti ya mtoto mwenye homa, kinaukuza mpaka Skopu iweze kuuchora. Tulikuwa na visanduku vitatu, kila kimoja na kazi yake. Unazima mashine, unachomoa hiki, unachomeka kile, unakaza kifundo chake, unawasha. Kimoja kilikuwa kinachora mistari miwili kwa pamoja, mmoja juu mmoja chini, ukaweza kulinganisha umeme unaoingia na unaotoka. Hicho tulikiita Mapacha.

Siku Mzee Bwire alipokifungua Mapacha mbele yangu, niliacha kufagia. Ndani kulikuwa na valvu, vile vichupa vya glasi vinavyowaka rangi ya kaa la moto, vimesimama safu kama wanakwaya. Na nyuma ya valvu, nyaya. Mwanangu, nyaya! Zimelazwa juu ya vipande vyeupe vya kauri vyenye meno kama kitana, kila waya katika pengo lake, hakuna uliomkanyaga mwenzake. Nikasema bila kufikiri, "Aliyeshona hapa anajua."

Mzee Bwire akageuka. "Umesema aliyeshona?"

"Ndiyo, Mzee. Huu si ni wavu?"

Akaviangalia vidole vyangu muda mrefu. Kesho yake akanipa chuma cha kulehemu na redio iliyokufa, nijifunzie.

Fundi wa pili alikuwa Mwita, Mkurya, kijana wa meno mazuri na mdomo mbaya. Akasema, "Mzee, huyu akiwa fundi, nani atafagia? Au mimi nikaolewe?"

"Ukipata wa kukuoa," Mzee Bwire akamjibu, "nitachangia harusi."

Basi nikajifunza. Nafagia asubuhi, mchana nalehemu. Lakini nilikuwa nalehemu nimechuchumaa sakafuni, maana kwenye meza kulikuwa na viti vya mafundi, na mimi sikuwa fundi. Nilikitamani kiti kile jinsi wengine wanavyotamani nyumba ya bati.

Siku moja nikaambiwa nisafishe vumbi ndani ya Skopu kwa brashi. Nikafungua ubavu wake, na hapo ndani, kwenye kijiti kidogo, nikakuta lehemu, ule waya laini wa kuyeyusha tunaounganishia nyaya, imeviringishwa. Nyembamba, inang'aa. Pembeni yake karatasi imebandikwa, imeandikwa Kizungu. Kizungu sikijui. Kiswahili chenyewe nilikuwa nakisoma kwa kufuata kidole. Mwita alikuwa hapo hapo, hatua tatu, anasoma Kizungu vizuri tu. Ningemuuliza. Lakini juzi yake alinikuta nimeshika gazeti juu chini, akaniuliza kama habari za leo zinaning'inia, wakacheka hadi wateja. Nikaona aibu. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini ukishachekwa mara moja ulimi unakuwa mzito.

Nikajijibu mwenyewe. Lehemu imeviringishwa kwenye kijiti, kama kwetu. Aliyeshona alimaliza, uzi ukabaki, akausahau. Na mshonaji wa hapa sasa ni nani? Ni mimi. Nikaitia mfukoni, wala moyo haukunidunda. Siku hiyo sikuiba, mwanangu. Nilichukua haki yangu. Ndivyo nilivyoamini, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba mtu anaweza kukosea na moyo umetulia.

Ile lehemu ilikuwa tamu! Inayeyuka kama samli, inashika, inameremeta. Shangazi yangu debe lake la maji linavuja, nikaliziba. Jirani koroboi, nikaiziba. Pale Mwigobero bandarini mama mmoja akaleta ndoo, mwingine akaleta ungo wa bati. "Fundi wetu! Fundi Nyanjura!" Naletewa dagaa, naletewa sato mbichi bado anachezesha mkia. Mmoja nilimzibia birika, akalibandika motoni halina maji, kiraka kikayeyuka kikamdondokea kwenye kaa, akaja kunitukana mlangoni. Huyo simhesabu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliposifiwa nikaimaliza yote, haikubaki hata urefu wa njiti ya kiberiti.

Ndipo Mapacha kikaugua. Mstari wa chini ukafa. Na wakati huo mezani kulikuwa na redio ya zahanati moja ya kule rasini ziwani, ile waliyotumia kuita boti la wagonjwa, imefunguliwa matumbo nje, inasubiri kuangaliwa kwa Mapacha. Mzee Bwire akakichomoa kile kisanduku akakiweka mikononi mwangu.

"Hiki ni chako," akasema. "Mimi sitakigusa, Mwita hatakigusa. Ijumaa tunakiwasha. Kikichora mistari miwili, utakaa meza hii na sisi. Kisipochora, ufagio upo."

Ubovu niliupata siku ile ile. Kulikuwa na kidude kimoja kimeungua, cheusi, kinanuka. Nikakitoa, nikaweka kipya. Lehemu nilikuwa nimebaki na ile nene ya mafundi bati. Nikalehemu, ikashika. Lakini haikung'aa kama za jirani zake, ilikaa kama kamasi. Nikasema hapana, Mzee ataona. Nikaiyeyusha nikarudia. Nikarudia tena. Mara ya tano ikakataa. Lile pengo la kauri, ambalo ndani lilikuwa limepakwa rangi nyeupe ya kung'aa, likawa limepauka, na lehemu inateleza juu yake kama tone la maji kwenye jani la magimbi. Waya ukaruka ukabaki hewani.

Hapo ndipo ningekwenda kwa Mzee. Hatua kumi tu, alikuwa dirishani anakunywa uji. Sikwenda. Nikachukua uzi wa nyavu, wa nailoni, nikafunga waya kwenye jino la kauri kwa fundo letu la Mugango, fundo dogo, safi, haliachii hata sangara akivuta. Nikafunika. Mficha uchi hazai, mwanangu. Mimi niliuficha kwa fundo.

Ijumaa ikafika. Mzee Bwire akakichomeka Mapacha, akawasha. Feni ikavuma. Kioo giza, giza, halafu mstari wa juu ukatokea. Halafu wa chini. Wote wawili, wamenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

Mwita akapiga makofi. "Haya, karibu mezani shemeji! Ila chai bado utapika wewe."

Nikacheka. Nikanyoosha mkono kuvuta kiti. Mzee Bwire hakucheka. "Tusubiri ipate moto," akasema, akavuta kikombe chake. Alikuwaga na sheria hiyo: kazi ya valvu haihukumiwi mpaka chai ipoe.

Chai haikupoa. Mstari wa chini ukaanza kutetemeka. Nikauambia moyoni, tulia, tulia baba. Ukaruka juu, ukaruka chini, ukazimika.

Mwita akanusa. "Mzee, mbona kama kuna wavu unaungua?"

Mzee Bwire akazima. Akachomoa kisanduku, akakifungua, akavaa miwani vizuri. Nailoni ilikuwa imelegea kwa joto la valvu, fundo limeteleza. Akalishika kwa kibanio, akaliinua kwenye mwanga.

"Fundo zuri," akasema. Nikaona heri angenipiga. "Ile lehemu ya ubavuni iko wapi?"

Nikasema, "Iko kwenye debe la shangazi."

Mwita alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Bwire akamsubiri amalize.

"Uliichukua kwa nini?"

"Nilidhani ni uzi uliobaki, Mzee. Kwetu..."

"Kwetu wapi? Mimi wa wapi? Naijua desturi. Uzi unaobaki ni wa aliyeshona. Sasa niambie, humu ndani wewe ulikuwa umeshona nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Aliyeshona yuko ng'ambo huko," akaendelea, taratibu, kama anamfundisha mtoto kula samaki mwenye miiba. "Kwa desturi yetu ilikuwa haki yake aiviringishe aondoke nayo. Hakuondoka nayo. Ameiviringisha, ameitundika, akaandika na barua. Anasema haya mapengo yamepakwa madini ya fedha, lehemu ya kawaida inayala, basi ukitengeneza tumia hii niliyokuwekea. Hakujua kama utakuwa Musoma. Hakujua kama utakuwa mwanamke. Alijua tu kwamba siku moja kitu kitaharibika, na patakuwa na mtu amekiinamia anahangaika. Akamfikiria huyo mtu. Nyanjura, mtu amekufikiria bila kukujua, na wewe zawadi yake ukazibia debe."

Nililia, sikufichi. Sikulilia kiti. Nililia kwa sababu tangu nizaliwe sikuwahi kuambiwa kwamba kuna mtu mbali huko aliyekaa akanifikiria.

Nikauendea ufagio mwenyewe. Mzee akasema, "Uache hapo. Kosa moja haliachi mke. Jumatatu utakwenda Butiama. Kuna mzee anaitwa Wambura, alikuwa fundi zamani, ana Skopu iliyokufa ndugu ya hii. Utamwomba."

"Nitamwambia nini, Mzee?"

"Ukweli. Wote. Na debe."

Nikaenda Butiama. Njia nzima naomba basi lipate pancha. Nikamkuta Mzee Wambura uani anapukuchua mahindi, na Skopu yake iko chini ya kibanda cha mbuzi, juu yake kuku anaatamia. Nikapiga goti, nikamwamkia, nikaeleza. Nilipofika kwenye debe akaacha kupukuchua.

"Na hilo debe," akauliza, "bado linavuja?"

"Halivuji, baba."

"Basi haikupotea yote."

Akamsukuma kuku kwa upole, akafungua ubavu wa mashine. Lehemu ilikuwepo, nusu. Akanipa mkasi. "Kata pima moja ya mkono wako. Nyingine iache, atakuja mwenye shida."

Mdomo wangu haukukaa kimya. Nikasema, "Lakini baba, mashine yenyewe imekufa. Nani atakuja tena?"

Akaniangalia kama anaangalia mahindi yaliyoliwa na dumuzi. "Wewe si umekuja?"

Niliporudi, lile pengo lililopauka halikufaa tena, limekwisha. Mzee Bwire akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: mwisho wa kile kitana cha kauri kulikuwa na mapengo mawili matupu, hayana waya. "Unadhani hawa walikosea hesabu?" akasema. Hata hilo walikuwa wameliwaza. Nikaulaza waya kwenye pengo jipya, nikagusa mara moja, nikatoa mkono. Ikang'aa. Sikurudia.

Kabla ya kuwasha nikamgeukia Mwita. Nikamwambia, "Naomba unisomee ile karatasi. Mimi sikijui Kizungu." Nilikaza shingo nisubiri kicheko. Hakucheka. Akanisomea yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili, mara mbili. Kumbe mtu ukimwomba kwa mdomo wako mwenyewe anakosa pa kukuchekea.

Tukawasha. Mistari miwili. Mzee Bwire akamimina chai, tukakaa tunaiangalia kama watu wa matanga. Ikapoa. Akatia kidole kwenye kikombe kuhakikisha. Mistari imenyooka vile vile.

"Kaa," akaniambia.

Neno moja tu. Mwita akasogeza kiti chake kunipisha, akasema, "Kaa, fundi. Ila kitakachobaki mezani hapa ni changu, tuelewane." Wiki ile ile redio ya zahanati ilipona, ikarudi ziwani. Nilikaa kwenye kiti kile miaka mingi, watoto wangu wamesoma kwa kiti kile.

Sasa nimezeeka, nipo Manyamanyama hapa Bunda. Mzee Bwire amelala kwao Suguti. Karakana ilifungwa, Skopu sijui ilikwenda wapi, siku hizi hata vijana wa simu wana mashine ya kuchora umeme inayoingia kwenye begi, wala haina kisanduku cha kuchomeka. Nzuri, siikatai. Wananiita niione, nami nafurahi. Ila nikutajie jambo moja. Padri mmoja aliwahi kuniambia kwamba kule viwandani waliolaza nyaya za visanduku vile wengi walikuwa wanawake. Wanawake! Nilikaa na hilo neno siku nzima, chakula kikaungua. Jina la yule aliyelaza za Mapacha silijui, lugha yake silijui, pengo lake nililiharibu. Lakini hakuna jioni ninaposali nisimtaje: Mungu, mshukuru kwa niaba yangu yule mama wa nyaya. Kisha Mzee Bwire, kisha mzee wa Butiama. Halafu Mwita, maana Mwita pia anastahili, ingawa alinitesa.

Mwanangu, ninachokuomba ni hiki. Ukikuta kitu kimewekwa mahali, kabla hujasema kimebaki, uliza nani amekiweka na kwa ajili ya nani. Uliza hata wakikucheka. Kicheko kinapita, pengo likishaliwa halirudi. Desturi ya kwenu ni nzuri, ishike, lakini ukivuka kizingiti cha mtu mwingine pima kwanza kama inakuhusu. Ukikosea usifunge fundo. Nenda ukaseme, na useme mpaka sehemu ile inayokuaibisha, maana aliyekusudia kukusaidia hawezi kuziba tundu usilomwonyesha. Na ukimaliza kazi yako, iwe nyumba, iwe shamba, iwe pikipiki ya watu, mwachie kitu atakayekuja kuitengeneza baada yako. Skrubu mbili kwenye kimfuko. Karatasi inayosema bomba limepita wapi. Akiba haiozi, na ile unayomwekea usiyemjua ndiyo haiozi kabisa. Hatakushukuru, hatakujua. Wewe pia umekula vya wengi usiowajua.

Mungu akupe mikono mitulivu na uso usioogopa kuuliza. Akukutanishe na mzee atakayekwambia ukweli bila kukufukuza, na mwenzako atakayekupisha ukae. Popote utakapokwama, barabarani au kazini au ndani ya ndoa yako, ukute kuna mtu alishapita akakufikiria. Na wote waliotufikiria bila kutujua, walio hai awalinde, waliolala awapumzishe vizuri. Amina, mwanangu.